Uliza Dereva wa Dhoruba: Kati ya mipaka yote ya hewa, unaupenda upi?

Katika toleo lililopita niliandika kwamba sisi tunaofukuzia dhoruba kwenye nyanda za Marekani hatufukuzii wingu. Tunafukuzia mpaka, yaani mahali ambapo hewa ya aina moja inakutana na hewa ya aina nyingine. Barua zilizokuja baada ya hapo zimenifurahisha sana, na leo najibu baadhi yake. Kwa wasionifahamu: mimi ni mzaliwa wa Musoma, naishi Norman, Oklahoma, na kuanzia Aprili hadi Juni naendesha gari la wageni wanaokuja kuangalia dhoruba. Hali ya hewa sikuisomea chuoni. Nimeipata kwa kukaa na waliosoma, na kwa saa nyingi za usukani.

Dada, habari za huko. Umetutajia mpaka mkavu, mpaka wa joto, mpaka wa baridi na ile mipaka inayoachwa na mvua ya usiku, lakini hukusema unaupenda upi. Ukiambiwa uchague mmoja tu, utachukua upi?
*Msomaji, Arusha*

Huku kwema, ndugu yangu. Jibu nakupa kwanza, halafu nitalitetea: nachukua mpaka wa masalia, ule ulioachwa na mvua ya usiku, na hasa pale unapokatana na mpaka mkavu. Najua wengi wa kazi hii watanikatalia. Penzi lao ni mpaka mkavu wenyewe, na siwalaumu, kwa hiyo acha nianze na huo.

Mashariki yake kuna hewa yenye unyevu inayopanda kutoka Ghuba ya Meksiko. Magharibi yake kuna hewa kavu inayoteremka kutoka New Mexico na nyanda za juu za Meksiko. Ardhi yenyewe ina mwinuko: Amarillo iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Oklahoma City haifiki mita 400. Unyevu wa Ghuba ni tabaka la chini tu, kwa hiyo kadiri unavyokwenda magharibi na ardhi kupanda, tabaka hilo linazidi kuwa jembamba mpaka linakwisha. Jua likichoma asubuhi, ule ukingo mwembamba unachanganyika na hewa kavu ya juu na unyevu wake unafutika. Ndiyo maana mchana mpaka huu unasogea mashariki, tena wakati mwingine kwa kuruka, na jua likizama unarudi magharibi.

Kuna kituo cha mafuta Shamrock, Texas, kando ya barabara kuu namba 40, ambako tunapenda kusubiri. Saa tisa alasiri shati limekuganda mgongoni, upepo unatoka kusini-mashariki, anga limefifia kwa ukungu wa joto. Mpaka mkavu ukikupitia husikii ngurumo wala hupati tone. Upepo unageuka na kutoka kusini-magharibi, bendera ya kituo nayo inageuka, vumbi linaingia puani, jasho linakauka, midomo inakaza. Anga linakuwa la bluu kali. Kipimo cha umande, kinachoonyesha unyevu wa hewa, kilichofungwa juu ya gari letu nimekiona kikishuka kutoka nyuzi 18 hadi chini ya 5 kabla tangi halijajaa. Wageni wanashangilia. Mimi nawaita waingie garini upesi, kwa sababu unyevu umeshatuacha, na dhoruba zitazukia mashariki yetu.

Uzuri wa mpaka mkavu ni kwamba dhoruba zake mara nyingi huzuka moja moja, zimeachana, na nyuma yake anga ni safi. Unaweza kuiona dhoruba nzima kutoka chini hadi kileleni, jua la jioni likiipiga ubavuni. Hakuna mgeni anayesahau. Shida yake ni kwamba una urefu wa mamia ya kilomita, na haukuambii ni wapi hasa wingu litapanda. Juu ya ule unyevu kumelala tabaka la hewa ya moto kutoka Meksiko, na kazi yake ni ile ya kifuniko cha sufuria: joto linajikusanya chini, na kikifunuka mahali pamoja mvuke wote unatokea hapo. Kisipofunuka, mnakula chakula cha jioni chini ya anga jeupe na kurudi hotelini.

Sasa njoo kwenye masalia. Usiku mvua kubwa imenyesha, tuseme Kansas. Matone yaliyogeuka mvuke hewani yamepoza hewa, na hewa ya baridi ni nzito, hivyo imemwagika chini na kutambaa kusini hadi Oklahoma au Texas. Mvua imekufa alfajiri, lakini ukingo wa ile hewa baridi umebaki umelala mashambani. Kufikia mchana hauna wingu wala sauti, na anayepita barabarani hawezi kujua upo. Ila upande wake wa kaskazini upepo unatoka mashariki, unyevu ni mwingi na ardhi bado imelowa, wakati upande wa kusini upepo unatoka kusini na joto ni kali. Tofauti hiyo ya joto na ya upepo inaifanya hewa ya chini ijizungushe kwa kulala. Dhoruba ikija kuukanyaga ukingo ule, inaunyonya mzunguko huo na kuusimamisha wima. Hapo ndipo dhoruba iliyokuwa ya kawaida inapoanza kuzunguka karibu na ardhi.

Hili silisemi kwa kuona kwangu tu. Mradi wa utafiti uitwao VORTEX ulipeleka magari kwenye maeneo ya dhoruba mwaka 1994 na 1995. Waliochambua msimu wa 1995 walikuta kwamba karibu asilimia 70 ya tonado (nguzo za upepo mkali unaozunguka kutoka winguni hadi ardhini) zilizochunguzwa zilitokea jirani na mpaka uliokuwapo kabla ya dhoruba yenyewe, nyingi zikiwa upande wa baridi, ndani ya kilomita 30. Siku inayotajwa sana ni tarehe 2 Juni 1995, magharibi mwa Texas. Mpaka wa masalia ulikuwa umelala pale, na dhoruba zilizoufikia zilizaa tonado Friona na Dimmitt. Nilipoelezwa habari ya siku hiyo mara ya kwanza, namna yangu ya kuendesha ilibadilika. Kabla ya hapo nilikuwa nauliza wingu liko wapi. Siku hizi naamka kabla ya wageni, nafungua picha za mvua ya usiku na kuuliza: imeishia wapi, na baridi yake imefika wapi?

Na kwa dereva kuna faida nyingine. Mpaka wa masalia ukishaujua, unaweza kupanga barabara asubuhi, kujua daraja la mto Canadian utakalovukia na mji wa kula mchana. Mpaka mkavu unakukimbiza, na njia unaichagua ukiwa tayari mwendoni.

Dada, mimi ni mwanafunzi. Kwenye picha za rada za Oklahoma naona mstari mwembamba sana, mara umejipinda, na hakuna mvua hapo. Wenzangu wanasema ni hitilafu ya mtambo. Wewe unasemaje?
*Msomaji, Nairobi*

Waambie wenzako mtambo hauna hitilafu. Huo mstari ndio mpaka wenyewe. Pale hewa mbili zinapobanana, hewa inapanda, na wadudu wadogo, vumbi na mbegu za majani hukusanyika kwenye ukanda huo. Rada inawaona wadudu. Kuna jioni unakuta mbayuwayu na ndege wengine wanaruka kwenye ukanda huohuo wakila, nao pia wanaonekana.

Ila jua mipaka ya rada. Miali yake inatoka kwa pembe ndogo ya kupanda, na dunia nayo imejipinda, kwa hiyo ukienda mbali na rada unaangalia juu ya vichwa vya wadudu hao. Mstari unaouona vizuri karibu na rada ya Frederick, kusini-magharibi mwa Oklahoma, unafifia na kupotea ukisogea mbali, na mpaka bado upo. Hapo nageukia vitu viwili. Cha kwanza ni picha za setilaiti za mchana. Mpaka unajionyesha kwa safu ya mawingu madogo ya pamba yaliyojipanga, au kwa eneo lenye mawingu linaloishia ghafla na kufuatiwa na eneo tupu. Hewa iliyopozwa na mvua ya usiku mara nyingi huwa tupu mpaka mchana, kwa sababu haijapata joto la kupandisha wingu.

Cha pili ni vituo vya ardhini. Oklahoma ina mtandao wa vituo kama 120, unaoitwa Oklahoma Mesonet, ulioanza kazi rasmi mwaka 1994. Kila wilaya ina angalau kituo kimoja, na takwimu zinakuja kila dakika tano. Mimi naangalia mishale ya upepo tu. Ukiona mishale ya kituo kimoja inaelekea kaskazini na ya jirani yake inaelekea magharibi, chora mstari kati yao kwa kalamu. Ndiyo, kwa kalamu, kwenye karatasi. Kiongozi wetu wa msafara ana kompyuta mbili ndani ya gari, na bado kila asubuhi anachora kwa mkono, kwa sababu anayechora analazimika kuangalia kila kituo.

Fanya zoezi hili kwa wiki moja ukiwa hapo hapo Nairobi. Ikifika saa sita mchana kwa saa za Oklahoma, chora mstari wa mpaka, halafu ukiamka kesho yake angalia dhoruba ilizuka wapi.

Yaya, jambo. Sisi ni wa Goma, tuko Dallas na watoto. Tunasikia kwenye habari kila mwaka kuhusu huo mpaka mkavu. Unafika kwetu? Na onyo likija usiku tufanye nini?
*Mama wa watoto watatu, Dallas*

Jambo, mama. Nakujibu kwa uzito wote.

Siku nyingi za masika mpaka mkavu unaishia magharibi yenu, huko Childress au Abilene, na usiku unarudi nyuma. Mara chache, mfumo mkubwa wa hewa ukiusukuma, unafika hadi barabara kuu namba 35 na kuipita, na Dallas iko hapo hapo. Lakini dhoruba inayozukia Abilene mchana inaweza kuwafikia jioni au usiku hata kama mpaka wenyewe haukufika. Kwa hiyo msipime hatari kwa mahali mpaka ulipo.

Tena dhoruba si lazima itoke magharibi. Tarehe 27 Mei 1997, kusini yenu, mpaka wa baridi, yaani ukingo wa hewa baridi inayoisukuma ya joto, na mpaka mkavu vilikutana karibu na Waco. Upepo wa juu ulikuwa dhaifu, kwa hiyo dhoruba hazikusukumwa kaskazini-mashariki kama ilivyozoeleka. Zilizaliwa moja baada ya nyingine kuelekea kusini-magharibi, zikifuata mipaka. Tonado ya Jarrell, mji mdogo kaskazini mwa Austin, ilikwenda kusini-magharibi, polepole, na iliua watu 27 kwenye mtaa uitwao Double Creek Estates. Nyumba ziling'oka hadi zikabaki sakafu za zege tu. Naitaja kwa sababu nimesikia watu wetu wakiambiana kwamba ukiwa magharibi ya dhoruba uko salama.

Sasa usiku. Hapo Texas nyumba nyingi hazina chumba cha chini ya ardhi, kwa hiyo chagueni leo, mchana huu, chumba cha ndani kabisa cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha: bafu, kabati la nguo, chini ya ngazi. Wekeni humo viatu vya kila mtoto, tochi, na kofia ngumu za baiskeli kama mnazo. Tofautisheni matangazo mawili. Moja linasema hali inaruhusu tonado kutokea katika eneo kubwa kwa saa kadhaa. Hapo mnakaa macho. Jingine ni onyo lenyewe, kwamba tonado imeonekana au rada imeona mzunguko. Hapo hamwendi dirishani kutazama, mnaingia chumbani mara moja. Nunueni redio ya hali ya hewa inayojiwasha yenyewe, kwa sababu simu huzimwa na ving'ora vya nje havikuwekwa kwa ajili ya kumwamsha aliyelala ndani. Maonyo hayatolewi kwa Kiswahili, basi mjulisheni jirani anayeelewa Kiingereza vizuri, na kama kanisani kwenu kuna wazee ambao hawaelewi, mgawaneni nani atampigia nani. Wanaoishi kwenye nyumba za kuvutwa na gari wasisubiri onyo. Waondoke mapema kwenda kwenye jengo imara.

Na ikiwakuta barabarani, msijifiche chini ya daraja. Upepo unaongezeka kasi pale chini, na vinavyorushwa vinapita hapo hapo.

Shikamoo dada. Mimi ni mvuvi wa dagaa Ukerewe. Mvua zetu zinaanzia ziwani usiku, na mchana zinaanzia nchi kavu. Je, na sisi tuna mipaka unayoisema? Na mbona hatuoni tonado?
*Msomaji, Ukerewe*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ni ya nyumbani.

Mipaka mnayo, tena inatokea karibu kila siku, na wala haihitaji hewa itoke mbali. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na ukingo wake wa mbele ni mpaka. Unapofika kwenye miinuko ya mashariki ya ziwa, upande wa Kenya, hewa inasukumwa juu na mvua za alasiri zinazuka. Mashamba ya chai ya Kericho na Nandi yanajulikana kwa mvua ya mawe. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto, na upepo unatoka pande zote za pwani kuelekea katikati ya maji. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000, kwa hiyo pepo hizo zina nafasi ya kutosha kukutana, na pale zinapokutana hewa haina pa kwenda ila juu. Ndiyo mvua zenu za usiku wa manane hadi asubuhi. Kwa nyie wa dagaa hili ni baya zaidi, maana mnatoka na taa wakati wa giza, saa zile zile ambazo dhoruba za ziwani zinajijenga.

Tonado za aina ya huku zinahitaji upepo ubadilike sana kadiri unavyopanda juu: kusini-mashariki chini, magharibi juu, na kasi kubwa. Karibu na Ikweta upepo wa juu kwa kawaida ni dhaifu, kwa hiyo dhoruba inapanda, inamwaga, inakufa. Mnachokiona nyie ni ile nguzo ya maji inayoning'inia kutoka kwenye wingu. Hiyo inazaliwa na mpaka wenyewe: upepo wa pande mbili unajizungusha pale unapokutana, na wingu linalopanda juu yake linauvuta mzunguko kwenda juu. Kwa kawaida ni dhaifu kuliko tonado za Oklahoma, lakini mtumbwi hauwezi kushindana nayo.

Kinachowazamisha wengi si nguzo hiyo, ni upepo wa ghafla. Mvua ikimwagika, hewa baridi inaanguka na kutawanyika juu ya maji mbele ya mvua yenyewe. Ukiwa ziwani ukaona mstari mweusi wa mawimbi unasogea, au upepo wa joto ukakatika mara moja na ukahisi ubaridi wenye harufu ya mvua, ule ndio mpaka, na una dakika chache tu. Elekeza mtumbwi kwenye kisiwa kilicho karibu. Usijaribu kuwahi mwalo wa nyumbani. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka, na wenye mitumbwi wawape vijana maboya ya kujiokolea. Hili la maboya nalisema kila ninapopata nafasi.

Assalam alaykum, dada. Umetuambia unachokipenda. Ni mpaka gani unauogopa?
*Msomaji, Muscat*

Waalaykum salaam. Ni mpaka wa joto.

Mpaka wa joto ni pale hewa ya joto kutoka kusini inapopanda juu ya hewa baridi iliyolala kaskazini. Kwa dhoruba ni mahali pa neema: upepo wa chini unatoka mashariki, unyevu ni tele, mawingu yako karibu na ardhi. Dhoruba inayosafiri kuufuata mpaka huo inaweza kuzunguka kwa muda mrefu. Kwa mwenye gari ni mahali pabaya. Ukungu, mawingu ya chini yanayoficha kila kitu, mvua iliyouzunguka mzunguko wenyewe, na mara nyingi uko sehemu zenye miti na vilima mashariki ya nyanda, ambako huoni zaidi ya kona inayofuata. Unasikia redio inasema tonado iko kilomita tano, na wewe unaona ukuta wa kijivu tu. Nikiwa na wageni siingii kaskazini ya mpaka wa joto, hata wakinisihi. Tunakaa kusini-mashariki ya dhoruba, tukiwa na barabara ya kutokea kusini, au tunaiacha.

Mpaka wa baridi siuogopi, naukosa hamu tu. Mara nyingi unazibua dhoruba zote kwa mara moja, zinajipanga mstari mmoja, kila moja inaziba nyingine, na hewa baridi inapenya chini yake na kuzikata miguu. Ukiwa wa polepole unaweza kukupa jambo, lakini ule wa kasi ni wa kurudi nyumbani.

Ila hofu si ya mpaka peke yake. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, magharibi ya Oklahoma City, tonado ilitanuka hadi upana wa kilomita 4.2, upana mkubwa kuliko wowote uliowahi kupimwa huku, na ikageuza njia na kuongeza kasi ikiwa imefunikwa na mvua. Tim Samaras, mtafiti aliyeheshimika kwa uangalifu wake, alifariki hapo pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Barabara za mashambani za Oklahoma zimekatwa miraba, kila maili moja kuna njia, na hiyo inampa mtu moyo kwamba atatoka tu. Lakini ile isiyo na lami ni udongo mwekundu. Ikilowa, gari zito linateleza hadi mtaroni. Mimi kabla ya dhoruba yoyote nimeshaweka alama kwenye ramani: hii ya lami, hii ya changarawe, hii ya udongo. Ya udongo siigusi, hata kama ni njia fupi.

Na wewe uliye Muscat, mwezi wa Julai na Agosti panda kuelekea milima ya Hajar mchana uangalie anga. Upepo wa baharini unakutana na upepo wa milimani, na mawingu ya radi yanasimama juu ya vilele alasiri. Ukae tu mbali na mabonde, maana wadi hujaa mafuriko hata kama kichwani kwako hakuna wingu.

Dada, niko Denver. Mwenyeji wangu anasema karibu na uwanja wa ndege kuna tonado ndogo zinatokea bila dhoruba kubwa. Ni kweli?
*Msomaji wa Mombasa, Denver*

Ni kweli. Upepo wa kusini-mashariki ukivuka mwinuko uitwao Palmer Divide, kusini ya Denver, unajipinda na kukutana na upepo wa upande wa milimani. Mstari wa makutano unakaa mashariki na kaskazini-mashariki ya jiji, jirani na uwanja wa ndege, na hewa juu yake inajizungusha kwa visehemu vidogo. Wingu changa likipanda juu ya kisehemu kimojawapo linakirefusha, ukaona mkia mwembamba wa vumbi. Ni ndugu wa nguzo ya maji niliyomweleza mvuvi wa Ukerewe. Mei na Juni mchana, tafuta safu ya mawingu madogo yenye vitako bapa. Usisogee ukidhani wembamba wake ni usalama. Mkia huo unaweza kupindua lori.

Shikamoo shangazi. Mwanangu ana miaka 12, anapenda mawingu kupita kiasi. Aanzie wapi?
*Mzazi, Tabora*

Marahaba. Mnunulie daftari, na kipimajoto kama mfuko unaruhusu. Kila siku, kwa saa zile zile, aandike upepo unatoka wapi, joto, na aina ya mawingu, na upepo ukigeuka ghafla aandike saa na kilichofuata. Shuleni asiache hesabu na fizikia. Akikua, Kigoma kuna chuo cha hali ya hewa, Dar es Salaam na Nairobi vyuo vikuu vinafundisha somo hilo, na hapa Norman, Chuo Kikuu cha Oklahoma kiko mlango kwa mlango na watabiri wa tonado wa taifa hili. Akishajaza daftari la kwanza, anipigie picha kurasa zake anitumie kupitia jarida. Nitazisoma zote, na nitamjibu.